Mwanangu, Ulikuwa Unataka Nini? Somo la Kuongea na Kuandika Ueleweke



Vijana wenzangu, leo naomba tuweke pembeni kidogo tafakari ya masomo ya Dominika. Kuna kijana wa kigango kimoja alinifuata baada ya Misa akaniambia, "Kaka, wamenichagua katibu wa vijana. Nikishika maiki mikono inatetemeka. Nikiandika kwenye grupu wanasoma wote halafu kimya. Hivi kuongea na watu ni kipaji, au mtu anafundishwa?" Nikamwambia anafundishwa, na mimi nilifundishwa kwa aibu. Nikamsimulia yaliyonikuta. Akasema haya niyaandike na wengine wayasome. Basi ndiyo haya.

Dakika tatu zilizonishinda

Nilikuwa na miaka 22, katibu wa vijana wa parokia, najiona msomi. Kijana mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda na mpiga ngoma wa kwaya yetu, aligongwa na gari Jumatano usiku. Mfupa wa paja ukavunjika. Hospitalini wakasema lazima awekewe chuma, na familia ilikuwa imeuza mbuzi na kukopa mpaka ikafika nusu ya hela. Zilibaki laki nne. Baba Paroko akaniita Ijumaa: "Jumapili Misa ya pili, wakati wa matangazo, utasimama uwaambie waamini. Dakika tatu."

Jamani, nilikesha. Niliandika kurasa tatu, mbele na nyuma. Jumapili nikasimama, suti ya kuazima, nikaanza na itifaki: Baba Paroko, masista wetu wapendwa, mwenyekiti wa halmashauri ya walei na kamati yako, wenyeviti wa kanda, wenyeviti wa jumuiya, WAWATA, UWAKA, wanakwaya, watoto wa Utoto Mtakatifu. Itifaki peke yake ilikula dakika nzima na zaidi. Nikaingia kwenye historia ya umoja wa vijana parokiani kwetu, ulianzaje, viongozi waliopita ni akina nani. Halafu nikamleta Msamaria Mwema, nikamwelezea kwa kirefu kama vile watu hawajawahi kumsikia. Nikatumia na maneno yangu ya chuoni: mshikamano, wadau, changamoto za kiuchumi zinazotukabili.

Nilipofungua ukurasa wa pili, mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake akatoka naye nje. Mzee wa benchi la mbele akaangalia saa. Baba Paroko akakohoa, na kikohozi kile nilikijua. Nikachanganyikiwa, nikaruka kurasa mbili, nikasema, "Kwa hayo machache, tunaomba mtuunge mkono katika jambo hili, Mungu awabariki sana." Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini nimefurahi, maana makofi yalikuwa mengi.

Kapu la mlangoni likatoka na shilingi 38,500.

Nilikuwa nimesimama pale nje nahesabu mara ya pili, nikidhani nimekosea, akaja katekista wetu, mzee wa siku nyingi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Umeongea vizuri sana. Lakini ulikuwa unataka nini?" Nikaanza kumweleza habari ya chuma na laki nne. Akanikatisha: "Subiri. Aliyeumia ni nani?" Nikamtajia. Mzee akashika kichwa. "Yule mpiga ngoma? Yule aliyenibebea maji mwaka mzima mke wangu alipougua? Mbona hukusema?"

Sikusema. Katika kurasa zile zote nilimwita "mmoja wa wanachama wetu." Jina lake halikuwemo. Laki nne hazikuwemo. Wala sikusema hela apewe nani. Nilikuwa nimejisemea mimi, watu wakanipigia makofi mimi, na mwenzangu amelala na mguu umefungwa jiwe la kuuvuta.

Shemasi Deogratias alikuwa na shida kama yangu

Miaka kadhaa baadaye, kwenye semina ya makatekista niliyokaribishwa kuandika kumbukumbu, padre mmoja alitufundisha juu ya kitabu kidogo cha Mtakatifu Augustino ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Nikakitafuta. Nakwambia, kama kingeandikwa kwa ajili ya makatibu wa vijana kisingekuwa tofauti sana.

Augustino unamjua. Mwafrika mwenzetu, alizaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kabla ya kuongoka alikuwa mwalimu wa ufasaha, yaani kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana kuhutubia, Karthago, Roma, kisha Milano. Pale Milano alianza kwenda kumsikiliza Askofu Ambrosio, na mwenyewe anakiri kwamba hakwenda kutafuta imani. Alikwenda kuangalia jamaa anaongeaje, kama sifa zake ni za kweli. Kumbe huku akisikiliza namna ya kusema, na yale yaliyosemwa yakawa yanaingia polepole. Akabatizwa na Ambrosio huyohuyo mwaka 387.

Sasa, kadiri ya mwaka 400, Augustino akiwa tayari askofu wa Hippo, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias akamwandikia. Malalamiko yake ni haya: wananiletea watu wapya niwafundishe mambo ya kwanza ya imani, na mimi nikiwa katikati ya kufundisha najichosha mwenyewe. Maneno yangu nayaona baridi. Sijui nianzie wapi, niishie wapi. Naona hata wanaonisikiliza nawachosha.

Augustino hakumwambia aombe tu Mungu atamsaidia, ingawa kuomba kumo pia. Alimwandikia kitabu kizima. Na jambo la kwanza kabisa alilomwambia lilinifariji: kwamba hata yeye, karibu kila mara, mahubiri yake mwenyewe hayampendezi. Kichwani jambo linamulika kama radi, lakini ulimi ukienda kulisema unatambaa. Ila usidhani, anamwambia, kwamba msikilizaji anaona kasoro unazoziona wewe. Kama wanazidi kukuletea watu uwafundishe, kuna kitu wanakipata.

Halafu anaingia kwenye mambo ya kazi, na hapa ndipo penye utajiri.

Muulize mtu kwanza kilichomleta, halafu anzia pale. Akija msomi aliyekwisha kusoma vitabu vingi, usimfundishe kama mtoto yale anayoyajua. Mpitishe haraka kwa heshima, kama mtu anayemkumbusha. Ukimwona msikilizaji anapiga miayo, usimkasirikie. Labda amechoka kusimama, maana makanisani mwao wakati ule watu walisimama wima muda wote. Mpe kiti! Augustino anasema kuna makanisa ng'ambo ya bahari yanayowaruhusu watu kukaa wakisikiliza, na yeye anaona hayo yana busara zaidi. Au sema kitu cha kumwamsha, cha kumfurahisha au hata cha kumhuzunisha, mradi kiwe cha kweli na kiwe kifupi. Askofu mtakatifu, mwalimu wa Kanisa, anafundisha kwamba dawa ya mahubiri kuchosha yaweza kuwa kiti. Mimi niliposoma hapo nilimkumbuka yule mama aliyetoka nje na mtoto.

Na je, ukichoka kurudia yaleyale? Mimi nimewafundisha watoto wa Kipaimara vipaji saba vya Roho Mtakatifu miaka mitano mfululizo, najua maana ya kuchoka. Augustino anasema: hivi hujawahi kumtembeza mgeni mjini kwenu, ukampitisha kwenye majengo mazuri ambayo wewe kila siku unapita huyaangalii? Yeye akishangaa, na wewe unayaona upya. Ukimpenda msikilizaji, ugeni wake unakuwa wako. Anatoa na mfano wa mama anayemtafunia mwanawe chakula: furaha yake ni kuweka vipande vile vidogo kinywani mwa mtoto kuliko yeye kula matonge makubwa. Kwa hiyo, ndugu yangu unayeogopa kwamba ukiongea rahisi watakuona hujasoma, mwangalie huyu bingwa wa ufasaha wa Milano.

Kitu cha mwisho katika kitabu hiki, na nimekitumia mara nyingi: mwishoni anamwekea Deogratias mfano wa mafundisho, halafu anamwekea na mfano wa pili, mambo yaleyale lakini mafupi. Wa kwanza ni kwa siku yenye nafasi, wa pili ni kwa siku muda ukibana. Tangu hapo sijasimama popote bila kuwa na vyote viwili. Ukipewa dakika kumi, mfukoni uwe na ya dakika mbili. Utaihitaji, maana katika parokia zetu ratiba ni kitu cha kuombea.

Makofi na machozi

Katika kitabu kingine, kile cha mafundisho ya Kikristo alichokimaliza mwaka 426, Augustino anasimulia tukio la Kaisaria ya Mauretania. Mji ule ulikuwa na desturi mbaya: kila mwaka, wakati maalumu, wenyeji walijigawa makundi mawili wakapigana kwa mawe siku kadhaa, ndugu na ndugu, baba na mwana, na watu waliuawa. Augustino alisimama kuwasihi waiache. Alisema kwa nguvu zake zote, wakampigia makofi. Anasema makofi yale yalimwonyesha tu kwamba wamemwelewa na wamefurahia. Hakuhesabu kitu. Akaendelea. Walipoanza kulia ndipo akajua imeingia, akaacha kusihi, akamshukuru Mungu. Anaandika kwamba imepita miaka minane au zaidi na jambo lile halijarudiwa.

Mimi nilipata makofi na shilingi 38,500. Unaelewa kwa nini ukurasa ule niliusoma mara tatu.

Jumapili ya pili

Narudi kwenye habari yangu. Katekista alimwomba Baba Paroko nipewe nafasi nyingine, na Baba akakubali kwa shingo upande. Safari hii sikukesha. Jumamosi jioni nikaenda kwa mama mmoja wa jumuiya yetu anayeuza vitumbua, mtu asiye na muda wa kupoteza. Nikamwambia, "Mama, nikisimama kesho, wewe ungependa kujua nini?" Akajibu huku anageuza vitumbua: "Ni nani, imebaki ngapi, nampa nani, na mwisho lini. Nikijua hayo natoa. Nisipojua nasubiri nione wenzangu."

Nikaenda kuandika kwa kufuata maneno yake. Kesho yake nilisema hivi, karibu neno kwa neno, maana karatasi ile ninayo mpaka leo:

"Tumsifu Yesu Kristu. Mnamkumbuka mpiga ngoma wetu? Leo ngoma imepigwa na mtu mwingine, nadhani mmesikia tofauti. (Watu wakacheka, mpigaji wa siku ile alikuwa bado anajifunza.) Mwenzetu amelazwa, mguu umevunjika pajani. Daktari anataka kumwekea chuma Alhamisi. Zimebaki laki tatu na elfu sitini. Narudia, laki tatu na elfu sitini. Mweka hazina wa vijana ni huyu hapa, simama dada wakuone. Atakuwa mlangoni leo, na namba yake ya simu imebandikwa kwenye ubao. Mwisho Jumatano jioni. Asanteni."

Haikufika hata dakika mbili. Hakuna aliyepiga makofi, na kidogo nilisononeka, mwili ni mwili. Lakini mlangoni dada yule alizungukwa mpaka akaomba msaidizi. Mpaka Jumanne usiku ilipita ile iliyokuwa inatakiwa. Mzee mmoja alileta jogoo.

Tazama tofauti iko wapi. Watu ni walewale, umaskini ni uleule, mwezi uleule. Mara ya kwanza nilianza na mimi najua nini. Mara ya pili nilianza na wao wanamjua nani. Namba niliitaja mara mbili, kwa sababu anayesikiliza hawezi kufungua ukurasa wa nyuma, likimpita limempita. Na ombi lilikuwa moja. Ningeongeza pale habari ya mazoezi ya kwaya na michango ya hija, lingekufa.

Watu si walewale kila mahali

Fungua Matendo ya Mitume, usome sura ya 13, ya 14 na ya 17 kwa mkupuo mmoja, ukiangalia jambo hili tu: Mtume Paulo anaanzaje. Kule Antiokia ya Pisidia yuko katika sinagogi, mbele ya watu waliokua na Maandiko, anaanzia Misri na jangwani, anawapitisha kwa Daudi mpaka kwa Yesu. Huko Listra anawakuta wenyeji ambao hawamjui Daudi wala Musa, hawataji kabisa. Anaanza na mvua, na mavuno, na chakula kinachoifurahisha mioyo. Akifika Athene, mji wa wanafalsafa, anaanza na madhabahu yao wenyewe aliyoiona akitembea mitaani, ile ya mungu asiyejulikana, na anatumia hata maneno ya washairi wao. Mhubiri ni mmoja na habari anayoipeleka ni moja. Milango aliyoingilia ndiyo mbalimbali. Ila angalia: hakuuona mlango wa Athene akiwa amekaa nyumbani. Alizunguka mji kwanza.

Matokeo ya Athene? Wengine walicheka. Wengine wakasema tutakusikia siku nyingine (tunalijua jibu hilo). Wachache wakaamini, akiwemo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Kwa hiyo ukijiandaa vizuri wakakusikia wawili, usijipige kifua sana.

Na ili tusimfanye Paulo malaika, sura ya 20 ipo. Troa, chumba cha ghorofani, taa nyingi, Paulo anaongea mpaka usiku wa manane kwa sababu kesho anasafiri. Kijana Eutiko amekaa dirishani, usingizi ukamchukua, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akarudi hai. Mimi na wewe hatuna kipaji cha kumwinua Eutiko, basi tuongee kifupi. Hayati Papa Fransisko aliwaambia wahubiri tarehe 12 Juni 2024 kwamba homilia isizidi dakika nane. Kama padre aliyesomea miaka yote ile amepewa nane, wewe katibu na tangazo lako unataka ngapi?

Kuandika kuna mitego yake

Hapa sitasema kwa kucheka, kwa sababu niliumiza mtu.

Mwaka uliofuata, mahudhurio ya mazoezi yalishuka. Usiku mmoja nikaandika kwenye grupu: "Wale wanaokuja kanisani kuonyesha nguo na mazoezi hawaji, wajitafakari kama kweli wana wito." Mimi nilikuwa natania nusu. Ningelisema kwa mdomo, pale uwanjani, na uso wangu ule, watu wangecheka wakanirudishia utani. Lakini kwenye simu sura yangu haikuwepo, sauti yangu haikuwepo. Yakabaki maneno matupu. Dada mmoja wa sauti ya pili akatoka kwenye grupu bila kusema kitu. Nikaja kujua baadaye kwamba majira yale alikuwa anamuuguza mama yake, jioni ndiyo zamu yake, na ile gauni mpya niliyokuwa nimeiona ni ya shemeji yake aliyemwazima. Nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Alinisamehe. Kwaya hakurudi.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na naishika kwa ukali: jambo la kumrekebisha mtu siliandiki kwenye grupu. Napiga simu au naenda. Na ujumbe niliouandika nikiwa na hasira unalala mpaka asubuhi. Nyingi huwa nazifuta nikiamka, nashukuru Mungu.

Lakini maandishi yana uwezo ambao mdomo hauna. Mtakatifu Fransisko wa Sales alipotumwa mwaka 1594 katika eneo la Chablais, kusini mwa ziwa la Geneva, watu wa pale walikuwa Wakalvini na karibu wote hawakutaka hata kuonekana wakimsikiliza. Padre kijana, anahubiri kwa viti vitupu. Akaanza kuandika karatasi, maelezo mafupi ya imani, zikanakiliwa, zikapitishwa chini ya milango ya nyumba na nyingine zikabandikwa mahali pa wazi. Mtu anayeogopa jirani yake asimwone kanisani, karatasi anaisoma usiku amejifungia. Ndiyo maana Papa Pius XI mwaka 1923 alimweka kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki, na sikukuu yake, tarehe 24 Januari, ndiyo siku ambayo kwa desturi Baba Mtakatifu hutoa ujumbe wa Siku ya Mawasiliano Duniani.

Na kitabu chake maarufu cha kuwafundisha walei maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, kilianza kama barua za ushauri kwa mama mmoja mwenye familia, aliyekuwa ndugu yake kwa upande wa ndoa. Alipoziunganisha kuwa kitabu hakuanza kuwahutubia "waamini wote." Alimpa msomaji jina moja, Filotea, akaendelea kumwambia kama anamwandikia mtu mmoja. Hili lijaribu. Ukiandika kwenye grupu la watu 180, chagua kichwani mtu mmoja, yule dada anayeuza duka na anasoma simu kati ya mteja na mteja, umwandikie yeye. Utashangaa lugha inavyonyooka yenyewe. Hutamwandikia "Ndugu wanajumuiya, uongozi unapenda kuwataarifu kwamba." Utaandika: "Mazoezi kesho saa kumi, ukumbi mdogo. Njoo na daftari la nyimbo."

Neno muhimu liwe mstari wa kwanza, kwa sababu simu inaonyesha mstari wa kwanza tu kabla mtu hajafungua. Saa, mahali na kiasi viandikwe kwa tarakimu, kimoja mstari wake. Halafu soma kwa sauti kabla hujatuma. Ulimi ukikwama, na msomaji atakwama palepale. Na zile picha za maua na "Asubuhi njema wapendwa" thelathini kwa siku... sisemi kitu, ila mkitangaza msiba mtu hataona.

Kuhusu kutetemeka

Yule kijana wa kigango aliuliza habari ya mikono. Musa naye alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni. Mtafute Haruni wako: rafiki mmoja akae benchi la tatu, wewe umwangalie yeye, naye akukunjie ngumi ukikimbia maneno. Fika mapema, simama pale utakaposimama kabla watu hawajajaa. Maiki iwe karibu na mdomo kama ngumi moja, usiipulize wala kuigonga. Ukisimama, kaa kimya ukihesabu mpaka tatu. Utaona ni muda mrefu mno, wao hawataona. Sentensi ya kwanza na ya mwisho uzijue kwa moyo, zilizobaki ziwe kwenye karatasi ndogo, maana karatasi kubwa ndiyo inayotetemeka ikaonekana. Na kama wewe ni msomaji wa masomo Misani, soma nyumbani kwa sauti tangu Alhamisi. Siku ya Pentekoste yale majina ya Frigia na Pamfilia hayana huruma na mtu aliyefungua kitabu sakristiani.

Mimi bado natetemeka. Siku hizi magoti, si mikono, na magoti yana suruali.

Kazi ya wiki hii. Chukua tangazo moja unalotakiwa kutoa, au ombi moja. Mwendee mtu mmoja mwenye shughuli nyingi, umuulize maswali ya mama wa vitumbua. Liandike la dakika mbili kwa mdomo, kisha liandike la mistari minne kwa simu, uone ni yapi uliyolazimika kubadilisha. Mkikutana jumuiyani msomeane, na anayesikiliza aulizwe swali moja tu, lile la katekista. Akishindwa kulijibu, rudi ukaandike tena.

Mpiga ngoma wetu anachechemea kidogo wakati wa baridi, lakini Jumapili Misa ya pili ukipita nje ya kanisa utamsikia.